Rispah Hatoki Ukingoni

Jina la Rispah lilikuwa la mwisho kwenye jedwali, na kocha Mwiti alilisoma bila kuinua macho. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kwenye uwanja wa Seven Hills, na wachezaji walikuwa wameketi kwenye nyasi wakilegeza kamba za viatu. Mwiti alikuwa mkaguzi wa hesabu katika ofisi moja ya Parramatta. Kwake, jambo lisiloingia kwenye safu na mistari halikuwa jambo.

"Mechi sita," alisema. "Anésie ameangusha wakimbiaji arobaini na mmoja. Cherotich kumi na watatu, na hajacheza hata nusu ya muda. Rispah wanne. Kwa hiyo nusu fainali ya Jumamosi, ukingo wa kulia anaanza Cherotich."

"Sikubali," Rispah alisema.

"Hatupigi kura hapa."

"Najua. Nasema jedwali lako lina kosa, na kosa hilo nitakuonyesha."

Wenzake walianza kufunga tena viatu ambavyo hawakuwa na haja navyo. Cherotich, msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Quakers Hill, alitazama chini. Mwiti alikunja karatasi yake mara mbili.

"Kesho saa saba mchana, gatini Parramatta," alisema. "Nina nusu saa ya chakula."

Rispah alikuwa na miaka thelathini na mitatu, muuguzi katika kitengo cha kusafisha figo. Kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kupima kinachoingia na kinachotoka na kuandika vyote viwili. Ili kuipata Jumamosi hiyo moja, alikuwa amempa mwenzake kazini Krismasi yake nzima, na rosta ilikuwa imeshasainiwa. Hakuitoa Krismasi ili akakae benchi.

Mchezo wenyewe ulikuwa futiboli ya Kimarekani, ambayo Mwiti aliipata akiwa mwanafunzi Ohio na akaja kuwafundisha wanawake wa Kikenya na Kirundi wa magharibi ya Sydney. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kwenda mbele yadi kumi. Ikifaulu inapewa manne mengine. Mpira huanzia kwa mgawaji, naye humpa mkimbiaji, ambaye ana njia mbili: apite katikati penye msongamano, au azunguke nje, karibu na mstari wa pembeni, penye nafasi. Njia ya nje ndiyo huvunja mechi. Na mlango wa njia hiyo hulindwa na mtu mmoja, mlinzi wa ukingo.

Rispah alikuja kwenye ukingo huo akiwa na miaka minane ya raga, Kakamega na Nairobi. Katika raga mstari wa pembeni ni rafiki yako. Unamfuata mkimbiaji kutoka ndani, unamsukuma nje, mstari unakumalizia kazi. Mechi mbili za kwanza alifanya hivyohivyo, na mara tano mkimbiaji alimzunguka akafunga. Hakuwa mvivu wala mzito. Alikuwa anacheza kwa usahihi mchezo mwingine. Katika raga hakuna anayeruhusiwa kumtangulia mkimbiaji na kumfungulia njia. Huku wanatangulia wanawake wawili au watatu wenye kilo tisini, na mlinzi aliyesimama ndani wanamfungia hukohuko ndani, kisha mkimbiaji anapita nje akiwa peke yake.

Ilimchukua wiki tatu kuusahaulisha mwili. Mpira ukianza, hatua mbili mbele, si tatu. Mfungua njia wa kwanza anapokewa kwa bega la ndani, chini ya kifua chake. Mkono wa nje unabaki huru. Miguu inabaki upande wa nje. Mkimbiaji akifika anakuta ukuta, anakata kurudi ndani, na huko anamkuta Anésie, ambaye kazi yake ni kuangusha. Mlinzi wa ukingo akiifanya kazi hii vizuri, hamgusi mtu mwenye mpira. Kwenye jedwali anaandikiwa sifuri.

Ijumaa saa saba kamili Mwiti alikuwa kwenye benchi kando ya mto, na kopo la wali mapajani. Rispah alimpa daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Tangu mechi ya tatu," alisema, "nikiwa ukingoni, wamekimbilia upande wangu mara ishirini na tisa. Jumla wamepata yadi hamsini na mbili. Hakuna aliyefunga. Cherotich akiwa pale, mara kumi na tano. Yadi mia moja ishirini na sita, na wawili wamefunga."

"Umezipata wapi hizi?"

"Kwenye video zako."

Mwiti aliweka uma chini. "Cherotich ameangusha kumi na watatu."

"Ndiyo. Sasa angalia wameanguka wapi. Yadi nane, yadi tisa, kumi na moja. Ana mbio, amewafukuza akawakamata. Wewe umempa alama kwa kuwakamata watu aliowapitisha mwenyewe."

Mkaguzi hachukui neno la mtu. Mwiti alitoa simu, akafungua video, akachagua daftarini kwa kubahatisha mstari wa tatu, wa kumi na saba na wa ishirini na sita. Wa tatu ulikuwa sawa. Kwenye wa kumi na saba alisimamisha picha.

"Hapa umeandika yadi mbili. Ni nne."

Rispah aliinama, akatazama goti la mkimbiaji lilipogusa nyasi. "Ni nne," alikubali. Akakata mbili, akaandika nne, akarekebisha jumla kuwa hamsini na nne. "Bado haifiki yadi mbili kwa kila mbio."

Wa ishirini na sita ulikuwa sawa. Feri iliingia, ikashusha watu, ikajaza wengine. Mwiti alikula tonge moja la wali ambao ulikuwa umeshapoa.

"Utaanza," alisema. "Lakini mmoja akikupita nje zaidi ya yadi kumi, unatoka na hurudi."

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Sawa. Nikimpitisha nitatoka kabla hujaniita."

Jumamosi ilikuwa na joto la Novemba, nyuzi thelathini na nne, na wapinzani wao walikuwa timu ya fukwe za kaskazini. Walikuwa wasichana warefu waliozoea mchezo huu tangu shule. Mbio yao ya kwanza kabisa ilikwenda nje, upande wa Rispah, kama mtu anayejaribu kitasa. Rispah alipiga hatua mbili, akampokea mfungua njia begani, akabaki nje. Mkimbiaji alisita, akakata ndani, na Anésie akamzika.

"Bon!" Anésie alisema akiinuka. Alikuwa mhudumu wa wazee, mtu wa maneno machache uwanjani na mengi nje yake. "Weye dada uwalete tu. Mie niko."

Nje ya kamba, mume wa Anésie, Salvator, alikuwa na chupa ya chai na sauti iliyofika stesheni. Alikuwa haoni kwa nini mtu avae kofia nzito namna ile kisha asimkamate yeyote.

"Shemeji!" alipaza. "Hiyo chaki ya pembeni unayoilinda haiendi popote! Ingia kazini!"

"Kunywa chai yako, shemeji!"

"Chai nimemaliza! Nangoja uguse mtu!"

Watu wakacheka. Rispah hakucheka, wala hakuingia. Hadi mapumziko walikuwa wamemjaribu mara saba, wakapata yadi kumi na moja kwa jumla. Waliokuwa pembeni walimwona amesimama. Bega lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba ndani ya ngao, na hilo hawakuliona.

Zilipobaki sekunde hamsini, timu ya Rispah ilikuwa mbele kwa kumi na nane dhidi ya kumi na mbili, na wapinzani walikuwa na mpira yadi kumi na nne kutoka mstari wa kufungia. Jaribio la tatu. Walihitaji yadi tisa ili wapewe majaribio mengine, na goli moja na nyongeza yake kushinda mechi.

Walijipanga wakiwa wamezidisha mtu mmoja upande wa Rispah. Rispah aliujua mpango huo. Alikuwa ameuona kwenye video zao mara sita, yaani jozi tatu. Kwanza mkimbiaji anapewa mpira na kupita katikati. Kisha, kwa mpangilio uleule, mgawaji anajifanya kumpa, anauficha mpira kiunoni, na kuzunguka nje mwenyewe, wakati ukingo umeshaingia ndani kusaidia.

Mpira ulianza. Mkimbiaji alichomoka katikati.

"Ingia!" Mwiti alipiga kelele. "Rispah, ingia! Ingia!"

"Ingia, shemeji, jamani!"

Benchi zima lilisimama likiimba neno hilo. Rispah alikuwa hatua nne tu kutoka kwa mkimbiaji, na mgongo wa msichana yule ulikuwa wazi mbele yake. Hakwenda. Alimtazama mgawaji mpaka alipoona mikono yake mitupu. Katikati walisukumana, wakaburutana, na Anésie pamoja na wengine wawili wakamlaza mkimbiaji baada ya yadi sita.

Sasa walihitaji tatu tu, na walikuwa na jaribio moja.

Mwiti alikuwa ametupa kofia yake chini. Alimshika Cherotich bega, akamsukuma uwanjani. Cherotich alikuja mbio, akasimama mbele ya Rispah akihema, ingawa hakuwa amekimbia mbali.

"Sis, kocha amesema utoke."

"Rudi."

"Ati?"

"Rudi umwambie sitoki. Makubaliano yalikuwa nipitwe nje yadi kumi. Sijapitwa."

"Manze Rispah, usinifanyie hivi. Ataniua mimi!"

"Tukizidi mmoja uwanjani tunaadhibiwa, wanapewa nusu ya njia ya kufunga bure. Mmoja wetu lazima atoke, na si mimi. Kimbia."

Cherotich alimtazama, akamtazama kocha aliyekuwa akipunga mikono yote miwili, akatazama saa ya mwamuzi. Kisha akageuka na kukimbia kurudi, na mguu wake ulivuka mstari wa pembeni wapinzani wakiwa tayari wameinama. Mwiti alisema kitu kwa Kimeru ambacho Rispah, kwa bahati, hakukielewa.

"Dada," Anésie aliita kutoka nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Kocha ana hasira."

"Nimeona. Mgawaji ndiye anakuja. Nitamrudisha kwako."

"Una uhakika?"

"Mara tatu kati ya tatu."

Walijipanga vilevile, mtu mmoja zaidi upande wa Rispah. Mpira ulianza. Mkimbiaji alichomoka katikati, ameinama, mikono imekunjwa tumboni kama mtu aliyebeba kitu. Ulinzi wote ulimfuata, na benchi nalo likapaza sauti ileile, kubwa kuliko mwanzo. Rispah alipiga hatua mbili. Mfungua njia alimjia, mkubwa, kofia mbele. Alimpokea kwa bega lile lililovimba, na kwa nukta moja hakuona kitu isipokuwa weupe. Lakini mkono wa nje ulikuwa huru, na miguu ilikuwa nje.

Alipoona tena, mgawaji alikuwa mbele yake na mpira kiunoni.

Alikuwa msichana mwepesi, na alikuja akiamini kwamba huku hakuna mtu. Alimwona Rispah, akafanya kama anayeingia ndani, akarudi nje. Rispah hakuuma chambo hicho. Kama angemrukia angemkosa, na kama angerudi nyuma angempa zile yadi tatu. Alibaki na magoti yamekunjwa, mkono umenyooka, akimnyima upande mmoja tu wa dunia. Mgawaji alihesabu, akaona mstari wa pembeni ni mbali kuliko alivyodhani, akakata kurudi ndani.

Anésie alimkuta yadi mbili nyuma ya alipoanzia. Mlio wa kugongana kwao ulisikika hadi ng'ambo ya barabara.

Mpira ukawa wa timu ya Rispah, sekunde zilizobaki zikaisha, na uwanja ukalipuka. Wenzake walimrundikia Anésie, na Salvator akaruka kamba na chupa ya chai mkononi, akikimbilia kumbeba mkewe, ambaye hakubebeka. Rispah alisimama kidogo, akajaribu kuinua mkono wa kushoto. Uliinuka hadi kifuani, si zaidi. Alitembea kuelekea pembeni akiufungua mkanda wa kofia kwa mkono mmoja.

Mwiti alikuwa akimsubiri pale kwenye chaki. Uso wake ulikuwa bado haujaamua.

"Umenikataa mbele ya timu nzima," alisema.

"Ndiyo."

"Nikiwa nimekuita. Mchezaji nimeshamtuma."

"Ndiyo, kocha."

"Na kama mgawaji angekabidhi tena katikati? Kama mara hii wangebadilisha?"

"Wangepata zile yadi tatu, na ungekuwa na haki ya kunitoa. Hawakubadilisha." Rispah aliivua kofia, jasho likamtiririka hadi kidevuni. "Jumamosi ijayo ni fainali. Ukipiga kelele niingie na mpira haujaingia, sitaingia. Afadhali ujue leo."

Cherotich, aliyekuwa nyuma ya kocha na kofia bado kichwani, aliibana midomo kisha akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. Mwiti aligeuka akamtazama, kisha akamrudia Rispah.

"Nitafutie barafu," Rispah alimwambia Cherotich. "Kisha njoo nikuonyeshe miguu inakaaje. Unaingia ndani mapema mno."