Mikono ya Mama Ukutani

Michoro ya waombaji wa kazi ilibandikwa ukutani bila majina, kama ilivyokuwa desturi ya kampuni ya matangazo alikofanya kazi dada, ili kazi ijisemee yenyewe. Dada aliutambua mmoja kabla hajaweka mkoba chini. Mikono ya marehemu mama yake, vifundo vimevimba, ikikunja shuka.

"Huu hapa!" msanifu mwenzake akaropoka. "Jamani, huyu akija, sisi wengine tufungashe virago."

Wakacheka, na kila mmoja akaunyooshea kidole. Bosi akafunua jina.

"Ni mdogo wangu," dada akasema, ikabidi atoke. Mwenye ndugu haruhusiwi kukaa kwenye kikao.

Akasimama nje ya ukuta wa kioo na kikombe kisicho na chai. Midomo aliiona, maneno hakuyasikia. Afisa ajira aligeuza karatasi za mdogo wake mbele na nyuma, kama mtu aliyedondosha kitu. Dada alikijua kisichokuwamo. Mama alipoanguka, wote wawili walikuwa chuoni, na mmoja ilibidi arudi nyumbani. "Wewe malizia, dada. Mimi nitarudi baadaye," mdogo wake alisema. Akamwogesha mama, akamlisha, akamchora alipolala, mpaka wakamzika. Hiyo baadaye haikufika. Shahada ya dada ilipotoka, msumari wa kuitundikia sebuleni aliupigilia mdogo wake.

Bosi alitoka akifuta miwani.

"Dada yangu, roho inaniuma. Wateja wakubwa wanadai shahada ya kila anayegusa kazi yao. Bila hiyo tunaenguliwa kwenye zabuni mapema."

"Mlimchagua wenyewe."

"Tulimchagua. Hata mimi. Lakini sina la kufanya."

Dada alitaka kumweleza habari za mama, akaishia kukizungusha kikombe mkononi. Na hata angemweleza, wateja wale wangesikia wapi?

"Ule mchoro tutauacha palepale," bosi akaongeza kwa upole. "Umeipendezesha ofisi. Mwulize kama ataridhia."

Meza ya dada ilitazamana na ukuta ule.

Nyumbani alimkuta mdogo wake akipiga pasi shati la kuanzia kazi.

"Mheshimiwa! Nikusalimie kwa kupiga magoti, au bado sijaajiriwa?"

"Wameupenda mchoro wako."

"Wote?"

"Wote. Wanaomba ubaki ukutani."

Mdogo wake akamtazama usoni, kisha akachomoa waya wa pasi polepole.

"Na mimi?"

Dada akatikisa kichwa.

"Basi mama ndiye kaajiriwa," mdogo wake akasema, akijaribu kucheka. "Na hata darasa la nne hakumaliza."

Dada naye akajaribu kucheka, akashindwa. Mdogo wake alilitundika shati mlangoni, bado lina joto, akamwuliza kama ameshakula.