Makala Mia Tatu na Kumi na Mbili

Barua ya kitinda mimba wangu ilifika Jumatatu, na hadi Alhamisi asubuhi nilikuwa sijaijibu. Ilikuwa ukurasa mmoja tu. Alisema hajawahi kuwa msichana, kwamba sisi ndio tuliomwita hivyo na yeye akaitika kwa adabu miaka ishirini na minne, na sasa amechoka kuitika. Jumamosi angepita mjini kwetu akielekea kwenye kazi mpya. "Ukiniambia nije nyumbani, baba, nitakuja. Usiponijibu nitaelewa, wala sitakusumbua tena." Chini kabisa aliongeza kwamba nikitaka kujua zaidi, yapo mengi yaliyoandikwa na watu waliosoma.

Mama yake aliisoma barua akiwa amesimama jikoni, akanirudishia. Alisema nimwambie aje, mengine tutayajua mezani. Mama yake ndivyo alivyo. Mimi sivyo. Nimeshona suti za kiume miaka thelathini na moja na sijawahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mtu nisiyempima. Nikiandika "njoo", halafu afike nibaki nimemkodolea macho kama sanamu, si nitakuwa nimemwita aje kuumia? Nilitaka kwanza nielewe. Nilimuuliza jirani yangu kinyozi, kwa kuzunguka, nikisingizia mtoto wa mteja. Alinipa majibu matano kabla hajamaliza kunyoa kidevu kimoja, yote ya kipuuzi. Basi nikafunga duka, nikatafuta kadi yangu ya maktaba ya mji, ambayo sidhani kama niliwahi kuitumia mara tatu, nikaenda.

Mkutubi alikuwa binti mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Aliniamkia, nikaitikia, nikamwambia nataka maandishi ya wasomi kuhusu... nikakwama. Mwishowe nikasema kuhusu jinsia, na mtu anavyojijua. Hakushtuka hata kidogo, jambo lililoniudhi, maana mimi mwenyewe nilikuwa bado nimeshtuka. Alisema vitabu ni vichache, makala ndizo nyingi, na makala hazikai rafuni. Ziko kwenye hifadhidata, yaani ghala la maandishi ndani ya kompyuta, na mwenye kadi anaruhusiwa kuzisoma. Akaniketisha kwenye kompyuta ya dirishani, akaingiza namba ya kadi yangu, akasema itabidi abadilishe nywila kwa kuwa bila shaka nimeisahau. Nilimjibu kwamba siwezi kusahau kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho. Alitabasamu tu. Nadhani alisema moyoni ni uzee.

Nikaachwa na kisanduku cha kutafutia. Nilikiandikia vizuri, kwa heshima: naomba kufahamishwa kwa nini mtoto aliyezaliwa msichana aseme yeye si msichana, na baba yake afanye nini. Matokeo sifuri. Nikadhani nimekosa adabu, nikaandika upya nikianza na salamu. Sifuri tena. Nikaona sasa huu ni ujeuri. Nikaandika neno moja, jinsia, zikaja makala laki mbili na elfu kumi na nne.

Ya kwanza ilihusu samaki wanaozaliwa majike na kugeuka madume wakikua. Niliisoma yote, kwa kuwa niliielewa. Ya pili ilikuwa ya wanawake na umiliki wa mashamba. Ya tatu ilisema jinsia ni kitu anachokitenda mtu. Ya nne iliikanusha ya tatu, ikasema ni kitu anachokijua mtu. Ya tano ikasema hao wote wawili hawajauliza swali lenyewe. Watu wamesoma mpaka mwisho wa kusoma na bado hawaelewani, mimi mpima viuno ningeambulia nini?

Mkutubi alirudi, akachungulia kile nilichoandika. Hakucheka, namshukuru kwa hilo.

"Mzee, hii haisikilizi hadithi," akasema. "Ipe maneno mawili matatu tu, yale yenyewe."

Akanifundisha kuunganisha maneno kwa NA ili zije makala zenye yote mawili, kuyafunga kwa alama za kunukuu yasitenganishwe, na kutumia kichujio zibaki zile tu zilizokaguliwa na wataalamu wengine. Kuchuja, hilo nililielewa. Kisha akataka kunionyesha jinsi ya kuhifadhi utafutaji wangu ili nikirudi kesho nisianze upya. Akabonyeza mahali, ikafunguka orodha ndefu.

"Kumbe unajua," akasema. "Umeshahifadhi arobaini na moja."

Nikamwambia si mimi. Nilipandisha sauti, nakiri, chumba kizima kikageuka kunitazama. Nikauliza ni maktaba gani hii inayomwacha mtu aingie kwa jina la mwenzake. Hakubishana nami. Alisoma tarehe polepole: miaka minane iliyopita, kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na dakika chache jioni. Akaniuliza kama kuna mwingine nyumbani aliyekuwa akiichukua kadi hii, kwa sababu siku zile kadi za wanafunzi hazikuweza kufungua hifadhidata.

Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni kitinda mimba wangu alikuwa kwenye masomo ya ziada ya hesabu. Ndivyo alivyotuambia. Alikuwa na miaka kumi na sita, alama zake za hesabu hazikupanda ng'o, na nilimgombeza kwa hilo mbele ya dada zake.

Mkutubi alijiondokea akaenda kupanga vitabu. Nikaisoma orodha kuanzia ya zamani kabisa. Za mwanzo ziliandikwa kama nilivyoandika mimi, sentensi nzima nzima, na tafadhali juu yake. *Tafadhali, kwa nini sijioni kama dada zangu.* Sifuri. *Je, ni ugonjwa, na kama ni ugonjwa unapona.* Sifuri. Baadaye sentensi zikafupika. Yakaja maneno mawili, alama za kunukuu, kichujio. Kufika ya ishirini alikuwa anatafuta kama msomi, na mimi nilikuwa nyumbani namuuliza kwa nini hajui kugawanya.

Ya mwisho ilikuwa na maneno matatu: "baba" NA "mtoto" NA "kukubali". Makala mia tatu na kumi na mbili. Kando ya kila makala aliyoifungua palikuwa na alama ya vema. Nikashuka chini, nikageuza ukurasa, nikashuka tena, nikageuza. Alikuwa amezifungua zote.

Nililia, na sioni haya kusema. Kisha nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi, nikampigia simu.

"Niko maktaba," nikasema, hata salamu nikaisahau.

"Maktaba gani, baba?"

"Hii ya kwetu. Nimekuta ulikopita."

Nikamwambia nimesoma tangu asubuhi na nilichokielewa ni samaki peke yao. Akacheka kidogo. Nikamuuliza kuhusu zile mia tatu na kumi na mbili, alikuwa akitafuta nini humo.

"Nilikuwa natafuta baba aliyejua cha kumwambia mtoto wake," akasema. "Nilitaka nikuwekee makala yake mezani, usome."

"Ulimpata?"

"Walikuwepo wachache. Hakuna aliyefanana na wewe."

Magari yalipita mbele yangu. Nikawaacha wasomi wote humo ndani.

"Jumamosi njoo," nikasema. "Bado sielewi, mwanangu. Njoo hivyo hivyo."