Mita Sita za Mama

...tisini na nne nukta mbili, tena, ile ile ya jana na juzi, ile ile ya wiki sita sasa, nashuka kwenye mizani, napanda upya, huenda nilisimama vibaya, nachomoa vibanio vya nywele naviweka kwenye sinki, kana kwamba vibanio ndivyo vinavyonichongea... tisini na nne nukta mbili. Mama, unaoga au umehamia humo? Huyo ni binti yangu, Jumamosi anaolewa, anagonga mlango kwa kidole kimoja kama alivyogonga tangu mdogo, nakuja, namwambia, wala siendi popote, nitamwambia nini, kwamba mamaake, fundi anayewashonea mabibi harusi wa mtaa mzima, amejishonea gauni na zipu haipandi, imegoma mbavuni... na mwanzoni kilo zilikuwa zikipukutika! Daktari alinikata tumbo la chakula ili nipungue, likabaki jembamba kama ndizi, mia thelathini na moja, mia ishirini, mia na tano, kila Jumapili nilikuwa nazibana nguo zangu upya, cherehani haipoi, nikapiga hesabu, kwa mwendo huu harusi itanikuta na themanini, nikafungua sanduku nikatoa kitambaa cha marehemu mama, kile cha kijani, hiki usikiguse, alisema, mpaka siku utakayomwoza mwanao, nami nikakikata kwa kipimo cha mwili nisiokuwa nao... mimi! Mimi ninayewacheka wanaoniambia fundi we nibanie tu, nitapungua, nawaitikia sawa mwanangu, kisha kimyakimya nawaachia inchi mbili ndani ya mshono, siku ya kujaribu wananikumbatia, kwangu mwenyewe sikuacha hata upana wa kidole, mganga hajigangi... mwili umeshtuka, aliniambia muuguzi wa kliniki, unajishikilia kidogo, utaachia wenyewe, subira yavuta heri mama, haya, heri yangu inavutwa kutoka wapi hata haifiki, na wahenga nao, haba na haba hujaza kibaba, sawa, mbona cha kukipunguza kibaba hawakutuachia methali... Mama, kuna mtu amekuja kuulizia gauni lake! Mwambie mchana, mwanangu, mwambie namalizia kola... vijiko vitano vya supu nimeshiba, nabaki mezani nawatazama wanavyomenya na kutafuna na kucheka, njaa sina, naitamani njaa yenyewe, ilinitesa miaka yote na sasa naikumbuka kama ndugu aliyehama bila kuaga, lakini si njaa, nikisema kweli si njaa, ni mama, namtaka mama, nataka Jumamosi kitambaa chake kiniguse mgongoni wakati namshika mkono mwanangu, vidole vyake ndivyo vilivyokipapasa pale dukani, akakivuta, akakisugua, akasema hiki hakichuji, muuza duka akapima mita tatu akashika mkasi, mama akamzuia, ongeza bwana, pima sita, mwanangu ana mwili wake... nami nikatazama chini kwa aibu, watu dukani, angesema polepole basi, na yeye wala hakuona haya, alisema kama mtu anayeagiza mkate... sita. Alinunua mita sita.

Na mimi nilitumia ngapi, tatu na kitu, nilikata nikajipigia makofi, nikauona ule upande uliobaki nikausonya, nikaufunikia cherehani usije ukanikumbusha, kitambaa cha mama kinakinga vumbi, jeuri gani hii, upo pale miezi minne nauvua asubuhi naurudisha jioni, mkono unaushika na kichwa kinawaza themanini... nitatia vipande viwili, ubavu huu na ubavu huu, upana wa kiganja, rangi ile ile, hakichuji, alisema, saa moja tu ya kazi, na kilo ziondoke zikitaka, nitabana tena, kubana ndiyo kazi yangu... hakusema utakapopungua, mama, alisema siku utakayomwoza mwanao, basi. Mama! Kweli uko salama humo? Niko salama, namwambia, niko juu ya mizani, tisini na nne nukta mbili, hebu nenda kwenye cherehani yangu, uvue kile kitambaa cha kijani kilichoifunika, ukikung'ute vumbi uniletee.