Marehemu wa Kambini

"Marehemu, maliza chai ukafe. Wazazi wameshaanza kushuka."

Mpishi wa kambi alisema hivyo bila kugeuka, mikono yake yote miwili imo ndani ya sufuria lenye masizi. Mwanamke aliyeambiwa akacheka puani, akamalizia chai yake kwa kusimama. Jina hilo alibandikwa na vijana msimu wake wa kwanza, likamganda kama chumvi ya bahari.

Kazi yake ilikuwa kuzama. Kila likizo vijana waliletwa kisiwani wajifunze kukwea miamba, kulala mahemani, kupiga makasia na kuokoa watu majini. Na ili waokoe, sharti awepo wa kuokolewa. Basi yeye huogelea hadi kwenye mkondo unaopita kati ya kisiwa cha kambi na kile kidogo cha jirani, akapiga mayowe, akatapatapa, akameza maji kidogo ili anoge. Kisha huburutwa mpaka mchangani, amelegea kama nguo iliyofuliwa, watoto wa watu wakimkandamiza kifua huku wakibishana kama amekufa au bado.

"Leo ndio mwisho wako," mpishi alisema. "Msimu ujao tukuiteje? Mfufuka?"

"Mtaniita mwalimu."

"Haya, mwalimu. Usije tu ukamsahau aliyekuwa anakukaushia nguo jikoni."

Mkuu wa kambi alikuwa amemwahidi. Akizama vizuri siku hii ya kufunga, mbele ya wazazi, msimu ujao atavaa filimbi shingoni na kufundisha. Filimbi yenyewe ilining'inia kwenye msumari ofisini. Alishawahi kuigusa, siku moja alipokuwa akifagia, kisha akaipangusa kwa upindo wa gauni ili asiache alama.

Alichukua kofia yake nyekundu akaenda ufukweni. Kofia hiyo ndiyo iliyokuwa ulinzi wake wa pekee. Maadamu iko kichwani, kelele zote ni maigizo. Akiivua na kuirusha, mchezo umekwisha: anakufa kweli, na kila mtu aje. Misimu yote hiyo hakuwahi kuivua.

Wazazi walikuwa wamekaa chini ya miavuli, simu zimeinuliwa. Kiongozi wa kundi la kwanza, mvulana mrefu ambaye wenzake walimwita Kepteni, alimpisha njia kwa adabu za dhihaka.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba. Leo usinivute nywele."

"Mmemsikia maiti?" Kepteni aliwageukia wenzake. "Kumbe anachagua pa kushikwa."

Walicheka. Ndio haohao waliomvuta wiki iliyopita hadi nchi kavu, wakamwacha amelala juani, wakaenda kula, kwa kuwa Kepteni alisema maiti haungui. Na yeye alilala vilevile, macho amefumba, akingoja aambiwe kazi imekwisha. Mtu anayetaka filimbi hajibizani na watoto wa wateja.

Aliingia majini. Alipokuwa ameshafika mbali, mwalimu wa maji, kijana mwenye mabega yanayong'aa mafuta, alisimama ndani ya boti yake na kuinua kipaza sauti.

"Leo tumeongeza utamu kidogo. Mnaiona ile kofia nyekundu? Atakayeifikisha hapa ufukweni, kundi lake ndilo bingwa wa msimu."

Ufukwe ukalipuka kwa vifijo. Huko mkondoni, mwanamke alisikia mvumo tu. Akafurahi. Alidhani wanamshangilia yeye.

Tangu asubuhi alikuwa ameshazama mara kadhaa kwa mazoezi ya makundi, na miguu ilikuwa imechoka. Alipofungua kinywa apige yowe la kwanza, msuli wa paja ulikaza. Akajikunja kuushika, na wa mguu wa pili nao ukakaza. Maji yakamwingia kooni kabla ya sauti kutoka. Alipoibuka hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Alisukuma maji kwa viganja, kichwa nyuma, mdomo wazi, kimya.

"Ndiye huyo?" mzazi mmoja aliuliza. "Mbona haigizi?"

"Amechoka," alijibiwa. "Siku nyingine huwa mzuri sana."

Akaivua kofia. Akairusha kwa nguvu zote zilizobaki. Ikaenda juu, ikazunguka, ikatua majini upande wa kushoto, nyekundu kabisa.

Mwalimu wa maji akapuliza filimbi, na vijana wote wakajitosa.

Aliwaona wakija, vichwa vingi, mikono mingi ikikata maji, na moyo wake ukatulia. Wanakuja. Sheria ni sheria. Kisha akaona vichwa vyote vikikata kushoto. Walifika kwenye kofia wakaanza kupigana viwiko, wakicheka na kuvutana. Mkondo ukamrudisha chini. Alipopanda tena, Kepteni alikuwa ameshajichomoa kwenye fujo, kofia ameing'ata kwa meno, akimpita kwa umbali wa mkono. Macho yao yakakutana. Kepteni alitoa kofia mdomoni, ili aongee.

"Kufa vizuri basi, mama, wanarekodi."

Mwanamke akamdaka kifundo cha mguu.

Alimpanda kama ngazi: goti, kiuno, bega. Akasimama juu ya mabega ya mtoto wa watu, akatoa kichwa juu, akavuta hewa mpaka mbavu zikamuuma. Chini ya nyayo zake mvulana alijinyonganyonga. Akavuta nyingine. Msuli ukalegea kidogo, kisha ukaachia, na akajua kwamba sasa anaweza kuelea mwenyewe. Alijua hivyo waziwazi, kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake uko wapi. Ufukweni walikuwa wanapiga makofi.

Akavuta pumzi moja zaidi, polepole, nyayo zake zikiwa palepale. Ndipo akamwachia.

Kepteni alitolewa na boti, akitapika na kulia. Yeye alijikokota mwenyewe hadi mchangani. Hapakuwa na wa kumkandamiza kifua.

Ofisini mkuu wa kambi alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, blauzi imenyooka kwa pasi. Mwalimu wa maji aliegemea mlango, akikagua kucha zake.

"Mama yake yuko hapo nje," mkuu alisema. "Anataka umwombe mtoto msamaha, mbele ya wazazi wote. Basi. Halafu tunasahau."

"Nilivua kofia."

"Leo kofia ilikuwa mchezo."

"Nani aliniambia?"

Mwalimu wa maji alihamia kucha za mkono wa pili.

"Dada yangu, nisikilize," mkuu aliendelea kwa sauti ya upole. "Mtoto anasema ulikuwa umeshapumua. Anasema ulimkanyaga tena, makusudi. Nimemwambia hapana, huyu mama namjua, hawezi. Ni uongo, sivyo?"

"Ni kweli."

Mkuu wa kambi alitazama mlango, kisha akamtazama yeye, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka ndani ya kabati lake la nguo.

Kupitia dirishani, vijana walikuwa wanapanga safu ya picha ya mabingwa. Kepteni alikuwa katikati, taulo mabegani, macho bado mekundu, ameshaanza kutabasamu. Mama yake alimwekea kofia kichwani, akarudi nyuma kuangalia, akarudi tena kuinyoosha.

Mkuu wa kambi aliinuka. Akaichukua filimbi msumarini, akaiweka juu ya meza kati yao, kamba yake ameikunja vizuri.

"Maneno mawili tu," alisema. "Hata kama huyaamini. Yaseme, uichukue, twende tukapige picha."

Maji yalikuwa bado yanamdondoka kwenye nywele, yakipita shingoni hadi kwenye gauni, hadi sakafuni, yakitambaa taratibu kuelekea miguu ya meza. Hapo nje mpiga picha aliwaambia vijana wasogeleane.

"Simwombi msamaha," alisema.