Miezi Mitano ya Khalayi

Kitu cha kwanza nilichoona siku dada yangu Khalayi alipoleta fomu ya shule ni kwamba hakunitazama usoni. Alisimama mlangoni, viatu vyake vyeupe mkononi, akaangalia kifua changu. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo. Alipomaliza akaketi kitandani na kuvua soksi.

"Kumi na sita," akasema.

"Kumi na sita nini?"

"Pumzi zako, kwa dakika. Uko sawa kabisa."

Khalayi alikuwa muuguzi katika wadi ya wagonjwa mahututi, na alikuwa anataka kwenda kusomea nusukaputi, yaani ile dawa ya kumlaza mtu usingizi kabla hajapasuliwa. Aliniambia kwamba daktari anaangalia kisu chake, lakini lazima kuwe na mtu mwingine anayeangalia pumzi ya mgonjwa, dakika kwa dakika, mpaka aamke. Mtu huyo ndiye aliyetaka kuwa. Tangu habari ya shule hiyo imwingie kichwani alikuwa anahesabu pumzi za kila mtu. Alinihesabu mimi, akamhesabu mtoto wake Lorine akiwa amelala, akahesabu hata za wazee waliocheza drafti nje ya ukumbi wa mtaa wetu, Kaloleni.

Tulikaa watatu katika nyumba ya baba. Baba, Mzee Mukhwana, alipewa nyumba ile akifanya kazi reli, na alipostaafu akarudi Bungoma akatuachia. Khalayi alikuwa kazini, mimi nilikuwa nyumbani na Lorine. Niliacha shule darasa la sita, wakati mama alipougua, na baadaye sikurudi. Kwa hivyo fomu ile ya Kiingereza nilijaribu kuisoma nikafika mstari wa tatu nikamrudishia.

Akanisomea kwa Kiswahili. Walitaka cheti chake cha uuguzi na leseni. Walitaka picha ya kifua. Walitaka barua za watu wawili wanaomjua kazini, na miaka miwili kamili ya kuhudumia wagonjwa mahututi. Mwisho kabisa, mwombaji mwenye mtoto mdogo alitakiwa kuja kwenye mahojiano na mtu atakayebaki na mtoto huyo miezi kumi na minane, ili mtu huyo atie sahihi mbele yao.

"Huyo ni wewe," akasema Khalayi.

"Mimi? Khalayi, mimi nikiulizwa jina langu mbele ya watu huwa nalisahau."

"Hakuna atakayekuuliza. Utaketi, utaandika jina, basi."

Nikakubali kwa sababu ni yeye. Lakini mimi ni mtu ambaye dukani husubiri wengine wote wahudumiwe ndipo nioneshe maziwa kwa kidole.

Aliijaza fomu kwa penseli kwanza. Alipofika mahali pa miaka ya kazi aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta mpaka karatasi ikaota manyoya.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Penseli mbaya."

Haikuwa penseli. Nilijua ni nini, na yeye alijua kwamba najua. Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, kuanzia Machi mpaka Agosti, miezi mitano ambayo Khalayi hakwenda kazini.

Mwaka ule nilikuwa na TB. Nilikohoa Januari yote, Februari nikaanza kutema damu, na Khalayi akanipeleka zahanati akiwa amenifunika shuka kichwani kama bibi harusi, kwa sababu nilimwomba. Wakati ule mtu akikonda tu mtaani, majirani walikuwa wameshampa ule ugonjwa mwingine na kumchimbia kaburi. Nilimshika mkono njiani nikamwambia, "Niapie. Usimwambie mtu yeyote. Hata baba. Hata kazini kwako." Akaniapia. Sikuweza kutembea mpaka zahanati kila siku, basi wakamruhusu anidunge sindano na kunipa vidonge nyumbani yeye mwenyewe, na kila asubuhi akatia sahihi kwenye kadi yangu. Aliomba likizo bila malipo ya miezi miwili. Miwili ilipokwisha wakapima makohozi na wadudu bado walikuwamo. Daktari wa zahanati alishangaa, akasema dawa hizi kwa kawaida huwa zimeshafanya kazi, hakuelewa. Khalayi akaandika barua nyingine ya likizo, ya miezi mitatu. Majirani aliwaambia amegombana na mkubwa wake. Mimi, aliwaambia, nina vidonda vya tumbo.

Agosti sindano ziliisha, nikamalizia vidonge, nikapona. Kadi ile sikuitupa, maana zahanati walisema nisiitupe, lakini pia sikuweza kuiacha mahali Lorine angeichezea au jirani angeiona. Nikafumua bitana ya mkoba wangu, nikaiingiza ndani, nikashona. Ilikuwa humo miaka miwili. Sikuenda popote bila mkoba ule.

Siku ya mahojiano nilivaa sketi ya Khalayi ya kanisani. Mumina, jirani yetu, ambaye ndiye aliyebaki na Lorine asubuhi hiyo, alikuwa anaanika nguo.

"Sasa Mili! Umeng'ara hivyo unaenda wapi? Umepata pastor?"

Nikacheka nikatazama chini.

"Huyu hata pastor akimwuliza kama anakubali kuolewa, atajibu kwa kichwa," akasema Mumina. "Khalayi, chunga huyu asije akazimia huko."

"Akizimia ni sawa," akasema Khalayi. "Hapo ni mahali pa watu wa kuzimia."

Alikuwa anatania, lakini mikono yake ilikuwa baridi. Niliishika tukivuka barabara.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, katika hospitali ya misheni iliyokuwa na shule hiyo. Nyuma ya meza waliketi watu wawili. Mmoja alikuwa Metroni Nthoki, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, na mwingine Daktari Muthama, ambaye alikuwa anakula njugu kutoka mfukoni. Walinionesha kiti pembeni, karibu na dirisha. Nikaweka mkoba mapajani nikaukumbatia.

Walimwuliza Khalayi maswali ya kazi karibu nusu saa. Mgonjwa akiwa bluu midomo utafanya nini kwanza. Ulimi ukirudi nyuma utafanya nini. Alijibu bila kusita, na kila akijibu daktari alikula njugu moja, kama anampa alama. Nikaanza kupumua vizuri. Nikafikiri, bado mimi tu na jina langu.

Kisha Metroni akageuza ukurasa.

"Sista Khalayi. Uko wadi ya mahututi tangu Januari tisini na nne. Hata nikitoa miezi uliyokosa, miaka miwili imefika na kupita. Kwa hivyo hesabu haina shida. Shida yangu ni hapa. Machi mpaka Agosti, tisini na tano. Umeandika 'shughuli za nyumbani'. Ni shughuli gani hiyo ya miezi mitano?"

"Kulikuwa na mgonjwa nyumbani, Metroni."

"Nani? Ugonjwa gani?"

"Siwezi kusema. Siri hiyo ni ya mgonjwa, si yangu."

Daktari Muthama alicheka kidogo. "Jibu hilo darasani ningelipa alama zote. Lakini hebu tuelewane, sista. Mwezi ule ulipoondoka, pethidini ilipotea katika wadi yenu. Hiyo ni dawa ambayo watu wanaiba na kujidunga. Hakuna aliyesema ni wewe. Lakini ukiingia shule hii, mwaka wa kwanza tu utashika funguo za kabati ya dawa kama hizo. Mwenye funguo ni lazima tujue alikuwa wapi."

"Nilikuwa nyumbani, daktari."

"Kuna karatasi yoyote? Ya hospitali? Ya zahanati?"

"Ipo. Lakini si yangu ya kuitoa."

Nilingoja ageuke anitazame. Kama angenitazama, hata kwa pembe ya jicho tu, ningeelewa kwamba ananiomba. Hakugeuka. Alitazama mbele, magoti pamoja, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikaona kwamba hakutaka hata wakisie.

Metroni alivua miwani. "Mwanangu, nakupenda. Kazi unaijua. Lakini siwezi kupeleka jina hili mbele likiwa na shimo katikati." Akafunga faili. Hakulifunga kwa hasira, alilifunga polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo sana. Daktari aliacha kutafuna. "Umesema?"

"Mgonjwa ni mimi. Nilikuwa na TB. Alikuwa ananidunga sindano kila asubuhi. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme."

"Mili," akasema Khalayi, "si lazima."

Sikumjibu kwa sababu kama ningesimama hapo nisingeendelea. Niliufungua mkoba, nikaugeuza nje ndani, nikatafuta uzi. Ulikuwa mgumu, niliushona mara mbili. Nikauma kwa meno mbele ya metroni na daktari, nikang'oa bitana, njugu zikamwanguka daktari kwa kunishangaa. Nikatoa kadi. Ilikuwa imechukua umbo la mkoba, imepinda. Niliiweka mezani nikaisawazisha kwa kiganja.

Metroni alivaa tena miwani. Alipitisha kidole kwenye vile visanduku vya tarehe, kimoja kimoja, na katika kila kimoja kulikuwa na sahihi ya Khalayi, ndogo, iliyonyooka, haikuruka siku hata Jumapili. Nilimsikia anahesabu kwa Kikamba chinichini. Akageuza nyuma, palipogongwa muhuri wa zahanati na kuandikwa kwamba nimepona.

"Kwa nini uliishona?" akauliza.

"Watu wangesema ni ule mwingine."

Akasema, "Mimi nilidungwa hizi sindano mwaka wa sabini na moja. Niliipata wadini. Wiki nzima nikawa nakalia upande mmoja, kanisani watu wakafikiri nina majivuno."

Daktari Muthama aliangua kicheko, na mimi nikacheka pia, sijui kicheko hicho kilitoka wapi. Khalayi peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

"Sasa huyu wa kubaki na mtoto," akasema Metroni, akinisukumia karatasi. "Andika jina lako hapa."

Niliandika Millicent Mukhwana, taratibu, herufi kubwa za darasa la sita.

"Angalia, daktari," akasema Metroni. "Mwandiko huu unasomeka kuliko wako."

Walituambia tungoje nje. Tuliketi kwenye benchi, mkoba wangu uliopasuka katikati yetu. Haikupita robo saa Daktari Muthama akatoka. Alimpa Khalayi karatasi, akasema barua kamili itakuja kwa posta, lakini aanze kutafuta viatu vingine kwa sababu Januari shule ikianza hatakuwa anaketi. Mimi alinipa kadi yangu. Halafu akanipa njugu, kiganja kizima.

Tulipofika getini Khalayi akasema:

"Nilikuapia."

"Najua."

"Ungenyamaza tu. Ningeomba tena mwaka ujao."

"Na mwaka ujao wangeuliza tena."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akatoa machozi, askari wa getini akauliza kama mama huyu yuko sawa. "Amepita," nikamwambia. Nilimwambia mtu nisiyemjua, kwa sauti, bila kuulizwa mara mbili. Tulinunua mahindi ya kuchoma tukala tukitembea, na nilihisi mwili mwepesi, kama siku ya kwanza nilipoweza kupanda ngazi bila kukohoa.

Nyumbani Mumina alikuwa amekaa mlangoni na Lorine mapajani.

"Alizimia?"

"Aliongea," akasema Khalayi.

"Acha uongo!"

Nilimwonesha kadi. Sikuwa nimepanga. Mumina aliitazama, akanitazama, akasema, "TB? Mili, kaka yangu alikuwa nayo pia. Sasa si ungesema, ningekuletea supu." Akaingia kwake akarudi na sufuria ya chai, eti badala ya supu.

Jioni jua lilikuwa bado liko juu ya paa za nyumba za mbele. Lorine alikuwa anachora mchangani. Khalayi alijinyoosha kwenye mkeka, nami nikaketi karibu yake nikishona bitana upya, bila kadi safari hii. Nilipoinua macho nikaona midomo yake inasogea.

"Ngapi?" nikamwuliza.

"Ishirini na mbili. Uko mbio. Una nini?"

Niliweka sindano chini. Nilikumbuka choo cha pamoja cha mtaani, saruji nyeupe, na mkojo wangu uliotoka mwekundu kwa sababu ya dawa, na foleni ya wanawake nje ya mlango ambao wangeuona. Nilikumbuka kidonge chini ya ulimi wangu, na Khalayi akisema, "Meza, mdogo wangu," kisha akiniamini.

"Khalayi," nikasema, "haikupaswa kuwa miezi mitano. Ingekuwa miwili. Vile vidonge vyekundu, miezi ile miwili ya kwanza, nilikuwa navitema."