Mlevi wa Ouwersluis

Leuntje hakuipenda safari ile tangu siku alipoisikia. Kumlipa mtu akuendeshe kwenye mkoa ulikozaliwa, tena akueleze tuta la bahari ni kitu gani na kondoo wanakula nini, kwake ilikuwa sawa na kumlipa mtu akulishe na mikono unayo. Lakini Krina, mdogo wake, alikuwa amekwisha kupanga kila kitu kutoka Kanada, alikoolewa miaka hamsini na miwili iliyopita, na mtu aliyevuka bahari nzima kuja kukuona humwambii hutaki kupanda gari lake.

"Gari la peke yetu, dada," Krina alilisifia asubuhi ile, mbele ya nyumba ya Leuntje mjini Goes. "Hakuna kubanana na watu. Tukitaka kusimama, tunasimama."

"Hata baiskeli yangu ni ya peke yangu, na inasimama," Leuntje akajibu, akapanda.

Dereva alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtu wa Utrecht, jina lake Tijmen. Alikuwa na ndevu zilizochongwa vizuri na maneno mengi. Haki yake apewe: aliendesha kwa adabu, aliwafungulia mlango kila waliposhuka, na katika kijiji cha kwanza aliwapeleka kwa mwokaji anayetoa mikate ya mdalasini ikiwa bado moto, ile ya kuviringwa, yenye sukari nyeusi inayonata mpaka kwenye viwiko. Krina alikula mitatu. Kwenye wa pili machozi yakamtoka.

"Umevuka bahari kuja kulilia mkate?" Leuntje akamcheka.

"Niache, dada. Kule hawajui kuupika."

Ilikuwa mwezi wa Mei, mitofaa imechanua, na kila kijiji walichopita kilikuwa kimefagiliwa kama kinangoja posa. Leuntje alianza kulegea. Alikuwa hata amekiri kimoyomoyo kwamba kutazamia dirishani si dhambi, gari lilipokata kushoto kwenye njia nyembamba, akasoma kibao cha barabarani: Ouwersluis, kilomita nne.

Tijmen alikuwa na simu sikioni, anawawekea meza ya chakula cha mchana. Leuntje akamgeukia mdogo wake, akasema kwa sauti ya chini:

"Krina. Tunakwenda wapi huku?"

Krina akamshika mkono. "Nyumbani, dada. Tukapaone mara moja tu. Nina miaka sabini na mbili. Nikiondoka safari hii, sijui kama nitarudi."

Leuntje alivuta mkono wake. Tangu mafuriko ya bahari ya mwaka wa hamsini na tatu, mama yao alipowachukua akawapeleka kwa shangazi mjini, jina la kijiji kile halikutajwa tena mezani. Mama alikufa bila kulitaja. Leuntje alikuwa ameishi maisha yake yote kilomita ishirini kutoka pale, na hakuwahi kukanyaga. Alitaka kusema kwamba hilo si jambo la kumshtukiza mtu. Lakini Tijmen alikuwa amemaliza simu yake, akawatazama kwenye kioo, akatabasamu.

"Haya, akina mama, hapa mjiandae kucheka. Kijiji kinachokuja kinaitwa Ouwersluis, na mtu wake maarufu kuliko wote ni mlevi!"

Krina alifungua mdomo. Kijana hakumpa nafasi.

"Mwaka wa hamsini na tatu, yale mafuriko, mnayakumbuka. Basi wanakijiji walikuwa wamekubaliana: msagaji, kwa kuwa yuko juu kwenye kinu chake cha upepo, ndiye atakayeyaona maji kwanza, na akiyaona apige kengele. Siku ya siku imefika, msagaji mwenyewe, mzee Marinus, kalala fofofo, chupa kifuani. Maji yakaingia, yakamwinua na kitanda chake. Akafumbua jicho moja, akasema: 'Nani huyu kanitilia maji kwenye pombe?'"

Akacheka. Hapo watu walizoea kucheka. Aliposikia anacheka peke yake, akatazama tena kwenye kioo.

"Simamisha gari," Leuntje alisema.

"Mama unajisikia vibaya?"

"Simamisha gari!"

Tijmen alisimama kando ya mtaro. Leuntje hakushuka. Alitaka maneno yake yatoke yamenyooka.

"Huyo Marinus wako, jina la ukoo wake unalijua?"

"Hapana, mama. Ni hadithi tu ya hapa kijijini..."

"Boogert. Marinus Boogert. Na mimi kabla sijaolewa nilikuwa Leuntje Boogert, na huyu ni Krina Boogert. Mlevi wako ni baba yetu."

Kijana aligeuka kwenye kiti chake mzima mzima. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni ukaingia kwenye ndevu.

"Baba yangu alikunywa kiglasi kimoja kila mwaka mpya," Leuntje aliendelea, "na alikunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. Aliyaona maji, ndiyo. Kengele hakuwa nayo, wala hakuna aliyewahi kukubaliana naye chochote. Alivaa mabuti, akachukua baiskeli, akaenda njia ya chini kugonga madirisha, nyumba hadi nyumba. Saba! Familia saba zilipanda kwenye kinu chetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilisimama mlangoni nawavuta watoto wa watu kwa mikono hii. Akarudi mara ya kwanza. Akarudi mara ya pili. Mara ya tatu alimfuata bibi mmoja kizee asiyeweza kutembea, na hatukumwona tena. Walimkuta siku ya tisa, kwenye ua wa miba, funguo za kinu zimo mfukoni. Sasa niambie, ni wapi hapo panapochekesha? Nisaidie na mimi nicheke."

"Mama, naapa, sikujua. Nimeisimulia miaka mitatu. Nilipewa karatasi pale kwenye mkahawa wa kijiji. Wana ubao, wana chupa zenye picha yake..."

"Chupa?"

"Pombe kali, mama. Inaitwa Msagaji Mlevi."

Krina alikuwa amejifunika uso. "Dada, turudi. Kosa ni langu. Turudi nyumbani."

"Hukukosa kitu wewe," Leuntje alisema. "Haya kijana, washa gari. Unipeleke kwenye hizo chupa."

Mkahawa ulikuwa mkabala na kanisa, viti nje, jua limewaka. Ubao ulikuwa kando ya mlango, mrefu kuliko mtu: msagaji kitambi nje, suruali imeteremka nusu, chupa mkononi, maji yamemfika magotini. Mahali pa uso palikuwa na tundu. Wakati wanashuka garini, mwanamke mmoja mgeni alikuwa ametia uso wake mle, ulimi nje, mumewe anampiga picha. Krina akageuka akatazama kanisa. Leuntje hakugeuka. Aliutazama ubao kuanzia juu hadi chini, kofia, kitambi, chupa, akapita ndani.

Mwenye mkahawa aliitwa Ruben Kooiman, mtu wa Rotterdam, aliyenunua mahali pale miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa mchangamfu, na alimsikiliza Leuntje akiwa anafuta glasi, kichwa kimeinama upande mmoja kama daktari.

"Nakuelewa kabisa, mama," alisema mwishoni. "Pole sana. Lakini hii ni burudani tu. Hakuna mtu anayeamini kwamba ni kweli."

Leuntje akamgeukia Tijmen. "Wewe uliamini?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Niliamini, mama."

"Umesikia?"

"Sikiliza," Kooiman akaweka glasi chini. "Kijiji hiki kilikuwa kinakufa. Duka limefungwa, shule imefungwa. Sasa magari yanasimama hapa kwa ajili ya huyu msagaji. Hata jina la ukoo sikuliandika. Marinus wako wengi. Na kwa heshima yote, mama, nitajuaje kwamba hayo yako ndiyo ya kweli? Una ushahidi gani?"

Kwenye kona, karibu na dirisha, mzee mmoja aliyekuwa na kahawa na gazeti alikohoa. Leuntje akamtazama. Alikuwa na mvi na mgongo uliopinda, lakini sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka nchani, kovu la zamani, na sikio lile Leuntje alilijua. Alilifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa cha kichwa cha mama yake, kwenye ghorofa ya kinu, mtoto mwenye sikio hilo analia kwa baridi na kuumwa. Walikaa pale siku mbili, wakila unga mbichi uliokorogwa na maji ya mvua.

"Adri," alisema. "Adri wa akina Hage."

Mzee alisimama nusu, akakaa tena. "Leuntje."

"Mwambie."

Adri alikunja gazeti lake polepole, mara mbili, mara tatu. "Ni kweli anayosema," alimwambia Kooiman. "Yote."

"Adri!" Kooiman alishangaa kwa dhati. "Miaka kumi na miwili unakunywa kahawa hapa kila siku. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwaka wa kwanza. Ukasema ya kweli haiuzi."

Mwenye mkahawa akachukua glasi ileile iliyokwisha kung'aa, akaanza kuifuta upya. Lakini hasira ya Leuntje ilikuwa imemwacha Kooiman. Ilikuwa imehamia kwenye kona ile, na huko ilikuwa kali zaidi, kwa sababu Kooiman alikuwa mtu wa kuja tu, na huyu alikuwa wa nyumbani.

"Mara moja?" alisema. "Ulisema mara moja?"

"Leuntje, walicheka. Nikaona..."

"Baba yangu alibisha kwenu mara ngapi? Niambie mbele ya watu hawa. Baba yako alidhani ni upepo, akajifunika blanketi. Alibisha mara ngapi?"

Adri aligusa sikio lake. "Alibisha mpaka kioo kikavunjika. Kwa ngumi. Kigae kikanikata mimi, nilikuwa nimelala chini ya dirisha."

"Alibisha mpaka kioo kikavunjika," Leuntje alirudia. "Na wewe ulisema mara moja, ukakaa chini, ukaagiza kahawa. Miaka kumi na miwili unapita pale mlangoni, asubuhi na asubuhi, unamwona na suruali imeteremka, unasema hujambo, unaingia. Bibi aliyemfuata mara ya tatu alikuwa bibi wa nani, Adri?"

"Wangu," mzee alisema, kwa sauti ambayo ilibidi watu wasogee kuisikia.

Krina alikuwa ameingia nyuma yao. "Basi, dada," alinong'ona. "Inatosha."

"Haitoshi."

Adri aliinuka. Alipita katikati ya meza bila kumtazama mtu, akatoka nje. Walimwona kupitia dirishani akiinama, kwa taabu, akiondoa mifuko ya mchanga iliyoshikilia miguu ya ubao, mmoja mmoja. Kwenye wa tatu Tijmen alitoka mbio akamsaidia. Kisha mzee akausukuma ubao kwa mikono miwili, ukaanguka kifudifudi kwenye mawe kwa kishindo kilichowarusha njiwa wa kanisa.

"Hiyo ni mali yangu!" Kooiman alipiga kelele. "Naita polisi!"

Leuntje alivuta kiti akakaa. "Waite," alisema. "Na mimi niletee kahawa nikiwasubiri. Nitawasimulia polisi kuanzia mwanzo, na hawa wote watasikia tena."

Kooiman alitazama huku na huku. Mgeni aliyekuwa anapiga picha alikuwa amesimama mlangoni na mkewe, wanaulizana kuna nini, na mtu wa meza ya pili alikuwa anawaeleza kwa sauti ya chini, na mwanamke akaweka kiganja mdomoni. Simu ilibaki mezani. Mwishowe Kooiman alisema ubao hatausimamisha tena. Chupa, alisema, zimeshachapwa picha, hizo haziwezekani kuondolewa kabla ya msimu wa wageni kuisha.

"Zinawezekana," Leuntje akasema. "Hutaki." Kahawa hakuinywa.

Nje, Adri alikuwa amejiegemeza kwenye gari, anahema. Alipomwona Leuntje alivua kofia.

"Leuntje, unisamehe."

"Leo siwezi," alimjibu, na hakulificha. "Leo nina hasira na wewe mpaka kichwa kinaniuma. Lakini panda gari, kaa mbele. Utuonyeshe alipokutwa baba. Mama hakutaka tupaone."

Ua wa miba ulikuwa umekatwa zamani. Palikuwa na uwanja wa kuegeshea magari, na bango la kukaribisha wageni kwenye nyumba za likizo. Adri alihesabu hatua kutoka kwenye pembe ya mtaro, akasimama kati ya gari jeupe na tela la kubebea baiskeli, akaonyesha chini. Krina alipiga magoti palepale kwenye lami, na koti lake zuri la Kanada mwilini. Leuntje alibaki wima, mkono juu ya bega la mdogo wake. Mtu mmoja alitaka kutoa gari lake, akapiga honi. Tijmen alimwendea dirishani, akamwambia azime injini, na yule mtu akazima.

Krina aliondoka wiki iliyofuata. Leuntje aliandika barua kwa halmashauri kuhusu chupa zile, na kuhusu uwanja ule kukosa hata jiwe lenye jina. Alijibiwa kwamba suala lake limepokelewa na litashughulikiwa kwa wakati wake. Aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaichana, kisha akajuta kuichana kwa sababu ilikuwa na namba ya simu. Akavaa koti, akachukua baiskeli, akaenda kuwauliza mwenyewe wakati wake ni lini.