Kidonda cha Kinyozi

Mke wa kinyozi aliitisha kikao cha familia. Mumewe alikuwa amehamia chumba cha wageni, anajipulizia manukato asubuhi na jioni, na hataki kuguswa.

"Ana mwanamke," aliwaambia mwanawe na mke wa mwanawe, aliyekuwa muuguzi. "Manukato yale si ya kunyolea watu vichwa."

Kinyozi aliinamisha uso. Juu kidogo ya kifundo cha mguu alikuwa na kidonda kilichogoma kupona. Kilitoa maji, kikanuka. Alikuwa akikinyunyizia unga wa vidonge na kukifunga kwa vipande vya shuka. Aliona heri aitwe mzinzi kuliko mkewe azibe pua.

"Baba, ni kweli?" mwanawe aliuliza.

"Ni kweli."

Mkewe akaangua kilio. Kinyozi aliposimama ili atoke, wote wakaona suruali yake imelowa, maji ya kidonda yakidondoka sakafuni. Muuguzi akamketisha, akaanza kuikunja suruali.

"Niache, mwanangu. Wewe ni mkwe wangu."

"Nimeshaosha miguu ya wakwe za watu wengi, baba. Tulia."

Alimwosha huku akimweleza. Kusimama kutwa kulikuwa kumechosha mishipa, damu inatuama mguuni. Mwili hutuma vimeng'enya kula nyama iliyokufa, lakini vyake vilikuwa vimepitiliza: vilikula hata nyama changa, pamoja na vichocheo vinavyoiamuru ikue.

"Mwili unajenga, vyenyewe vinabomoa. Si uchafu wako. Ila huo unga umekichokoza zaidi. Kesho twende kliniki, wakupime mishipa kwanza, ndipo wakufunge bandeji ya kubana."

Mkewe alikuwa ameacha kulia.

"Mwanamke mwenzangu ningepigana naye," alisema. "Lakini hili? Ulinionaje mimi?"

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu hapo alinyoa akiwa ameketi kwenye stuli ndefu, na kila alipopata nafasi aliuinua mguu. Wateja, ambao umbeya ulishawafikia, walimwita bwana harusi. Alicheka nao, maana kuwasahihisha kulikuwa kugumu zaidi. Kidonda kilisinyaa polepole, kingo zikasogeleana, hatimaye kikafunga.

Bandeji alikuwa akifungwa na mkewe, kwa mikono myepesi. Kila mara kinyozi alitazama ukutani.